Mwaka Niliomrekodi Mama Shiro

Mwezi uliopita tulimzika Mama Tash huko Kiamunyi. Kabla watu hawajapanga laini kumwona mara ya mwisho, kijana mmoja alikuwa ameshapanda kiti cha plastiki, simu juu, anatafuta pembe nzuri ya jeneza. Mwanamke mwenye leso ya samawati akamgusa mguu polepole. "Kijana yangu, shuka ulie na wengine," akamwambia, wala si kwa ukali, na kijana akashuka. Nilijua hiyo sauti kabla sijauona uso. Alikuwa Mama Shiro, ametoka Naivasha asubuhi hiyo, huko anakofanya kazi ya kupanga maua kwenye shamba. Alinikumbatia akasema nimenona, nikamwambia yeye ndiye amekataa kuzeeka, tukachukua sahani zetu za wali na kabeji tukaenda kukaa nyuma ya tenti kama watu waliokula pamoja miaka yote. Walioketi karibu nasi walituona marafiki tu. Hawakujua tulianza vipi. Mimi najua, na nimeamua kuandika, kwa sababu Mama Tash hayuko tena wa kunikumbusha sehemu ambazo ningependa kuruka.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha; hayana tofauti na ya wengi walioishia kidato cha pili. Ninayotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ulioanza Februari ukaisha Februari, nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimeandikwa kazi kwenye saluni ya Mama Tash, chumba kimoja cha mabati mtaani Rhonda, kati ya fundi wa viatu na mama wa chapati. Ndani kulikuwa na viti vitatu, draya mbili, moja nzima na nyingine ya kutundikia mikoba, na kioo kirefu chenye ufa uliompitia kila mteja begani. Kulinuka nywele zilizoungua na chapati ya jirani, na mimi hadi leo nikipata hizo harufu mbili pamoja nasikia furaha, ati kama mtu ameniita jina. Saa nne tulikunywa chai ya thamosi. Saa saba githeri ilifunguliwa na kila aliyekuwa ndani alikula, hata mteja aliyesukwa nusu, kichwa upande mmoja kama bustani na upande mwingine kama kichaka. Nilikuwa na ndoto kubwa kuliko chumba. Nilitaka siku moja kuwa na saluni yenye vioo mpaka chini, na wasichana wa kila mahali wajifunze kusuka kwa kuangalia mikono yangu kwenye simu. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichojinunulia mjini kilikuwa simu yenye kamera nzuri, kabla hata ya blanketi.

Mama Tash aliipenda hiyo simu maana ilimletea wateja. Lakini aliweka sheria siku ya kwanza. "Lilian, uliza mtu kwanza," alisema. "Hata kama nywele umeshona wewe, kichwa ni cha mwenyewe." Basi nikazoea: "Sister, naeza piga nyuma tu, uso usionekane?" Akikubali napiga, akikataa naweka simu kwenye aproni na hatununiani. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikuwa nimefundishwa. Nilikuwa nimefundishwa vizuri sana. Kwa mwaka mzima niliomba ruhusa ya kupiga picha visogo vya watu.

Jumanne moja ya Novemba, saa nane mchana, tulisikia firimbi na sufuria zikipigwa. Tulidhani ni harusi. Nilitoka na kitana mkononi, nikaona umati unapanda kutoka kwenye maploti ya chini, zile nyumba za kupanga, na katikati ni Mama Shiro. Nilimjua kwa macho tu. Alikuwa mama wa kufua nguo, anapita na beseni yake asubuhi na kusalimia kila mlango. Siku hiyo kichwani hakuwa na beseni. Alikuwa na mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo sita, ameushika kwa mikono miwili, kiatu kimoja mguuni. Nyuma yake alikuwa mwenye gesi na kipande cha mpira wa maji, akimchapa miguuni kila aliposimama.

"Imba!"

"Mimi ni mwizi wa gesi."

"Hatusikii!"

"Mimi ni mwizi wa gesi!"

"Mathe, angalia huku. Smile kidogo, uko live," kijana mmoja akasema, simu juu.

Watu walicheka. Simu zilikuwa nyingi kuliko mikono mitupu, na moja ya hizo ilikuwa yangu. Sikumbuki nikiamua. Nakumbuka kwamba machozi yalikuwa yananitoka na mkono haukutetemeka hata kidogo. Nilizunguka nikaenda upande ambao jua halikuingia kwenye kamera, kama ninavyofanya na nywele. Jamaa mmoja akasema, "Mpisheni huyu dem, ana kamera poa," na kweli wakanipisha, nikatembea kinyumenyume mbele ya Mama Shiro mpaka steji ya matatu, nikisema kwa sauti ya huruma, "Aki Yesu, saidia. Yesu, msaidie huyu mama." Steji, mzee mmoja wa kuuza magazeti alisema imetosha. Mtungi ukashushwa, mwenye gesi akaubeba begani, umati ukatawanyika kila mtu akiangalia simu yake. Mama Shiro akarudi nyumbani peke yake kwa njia ile ile. Yote hayakufika nusu saa. Nimelifikiria jambo moja tangu hapo, na sijachoka kulifikiria: wale walionipisha niingie na simu wangenipisha hata ningeingia na leso. Wangedhani tu ni sehemu ya show. Ningemfunika mabega, ningemvulia kiatu changu. Njia nilikuwa nimefunguliwa.

Sasa sikiliza nilichofanya na hiyo video, maana hapa ndipo moyo wangu mwororo ulipofanya kazi mbaya kuliko ule mpira wa maji. Wengine waliweka ya kwao wacheke. Mimi sikuweka ya kucheka. Mimi niliituma kwenye grupu ya maombi ya akina mama wa kanisa, ambayo Mama Tash alikuwa msimamizi wake, nikaandika: "Wapendwa, tumkumbuke huyu mama kwa maombi. Inauma sana." Zikaja amina, moja baada ya nyingine, na mikono ya kuomba, mpaka simu ikawa inatetemeka juu ya meza kama samaki. Nilisikia raha. Nilijiona nimefanya kitu. Mama Tash akaituma kwa grupu ya maombi ya Kaptembwo, na ya soko, na ya wamama wa Kiamunyi, kila mahali akiongeza "ombi la dharura," na hao nao walikuwa na dada zao wanaopenda kuomba. Video za wale waliocheka zilikuwa zinatikisika, hazionyeshi kitu. Yangu ilikuwa safi. Hakuna kitu kilichomkimbiza Mama Shiro kwa miguu mirefu kama maombi yetu.

Baada ya siku nne, mteja aliyetoka Naivasha kusalimia dada yake alikaa kwenye kiti changu, nikiwa namshona, akaniwekea simu mbele ya uso. "Umeona hii ya Mama Gesi? Sikiliza huyu msichana nyuma. Ati 'Yesu saidia' na anarekodi! Nimecheka nikaanguka." Nilivuta uzi. Nikasema, "Ni kubaya." Nje ya saluni, watoto walikuwa wametengeneza mchezo: mmoja anabeba kopo la rangi kichwani, wawili wanampiga kwa majani, na msichana mdogo anasimama mbele ameinua kandambili kama simu, analia kwa sauti nyembamba, "Yesu saidia! Yesu saidia!" Aliniigiza vizuri. Nilicheka pamoja na wengine, ili nisijulikane.

Kila nikisimulia haya watu huniuliza kitu kimoja: alikuwa ameiba kweli? Ndiyo. Aliichukua gesi kwenye ploti aliyokuwa akifua. Kisha huuliza kwa nini, na hapo sina jibu, kwa sababu sijawahi kumwuliza. Watu hutaka sababu ndipo wajue wamhurumie kiasi gani. Mimi nilimhurumia kabisa bila sababu, na ona nilichomfanyia.

Januari ikiisha, Mama Shiro alipita saluni. Hakuingia, alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Alisema binti yake Shiro ameitwa shule ya bweni huko upande wa Molo, anaingia kidato cha kwanza, na barua inataka nywele zinyolewe. "Lakini hataki kutoka nyumbani," alisema. "Tangu ile Novemba hajafika hata dukani. Naomba mmoja wenu aje na mashine." Mama Tash alinitazama. Alijua ni mimi niliyerekodi. Mama Shiro hakujua. Nikachukua mashine na waya wa kuongezea, nikaenda.

Kilikuwa chumba safi. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la maua, meza ina kitambaa kilichofumwa, na ukutani kuna kalenda ya duka na cheti cha Shiro cha kusoma vizuri. Sanduku jipya la bati lilikuwa karibu na mlango, na juu yake godoro jembamba limekunjwa, bado liko ndani ya plastiki. Mama Shiro alinipa chai ya rangi na viazi vitamu, akaniambia nile kwanza, nikala nikiwa nimeinamisha macho. Shiro, miaka kumi na nne, shingo ndefu, alikaa kwenye kiti amefunikwa taulo. Nilianza kumnyoa upande wa kulia. Nywele zilikuwa nzito na nzuri, na nilikuwa ninafikiria tu nimalize niende, wakati mashine ilinyamaza mkononi. Stima imepotea. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniuliza, ukasema, "Aki Yesu, saidia."

Shiro aligeuka. Alikuwa na nusu kichwa cha nywele na nusu kichwa cheupe, na hakuna kilichochekesha.

"Ni wewe," alisema.

"Shiro, mwache auntie," mama yake akasema, hajaelewa.

"Mum, ni huyu. Ni huyu wa 'Yesu saidia.' Nimeiona mara mingi, naijua yote. Kila mtu anaonekana huko ndani. Wewe unaonekana, yule mwenye gesi anaonekana, hadi mbwa anaonekana. Huyu tu ndiye haonekani."

Sikuweza kuondoka. Hilo ndilo nalishukuru hadi leo, kwamba stima ilipotea mtoto akiwa nusu. Huwezi kukimbia ukamwacha mtu na nusu kichwa. Tulikaa. Nilisema ni mimi, nikaanza kulia, na Mama Shiro akasema, "Usilie. Ile siku pia ulilia, ndiyo nakumbuka sasa." Kisha akasema maneno ambayo sijasikia mhubiri yeyote akiyapita. "Lilian, mimi niliiba. Nilichapwa, nikafika steji, ikaisha. Yule mwenye gesi siku hizi tunasalimiana, hata juzi amenipa nguo nimfulie. Yeye amemaliza na mimi. Lakini nikiingia dukani, mtu anatoa simu ananiwekea hiyo video, niko bado natembea. Kwenu nyinyi sijawahi kufika steji."

Stima haikurudi. Kabla ya kwenda nilimwambia Shiro kwamba siku ya kuripoti asiogope, nitakuwa hapo steji.

"Hata ile siku ulikuwa hapo," akaniambia.

Hakukuwa na kiburi kwa sauti. Alikuwa ananipa habari tu. Barua ya shule ilisema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa. Asipofika, nafasi yake inapewa mwingine. Shiro alisema afadhali wapewe.

Asubuhi iliyofuata stima ilirudi na nikarudi kumaliza kichwa. Alikubali kunyolewa, maana nusu haikuwezekana hata kwa mtu asiyetoka nje. Na Alhamisi, wamama wa maombi walipokusanyika saluni kama kawaida yao saa nane, viti vimesukumwa ukutani, nilisimama kwenye ushuhuda. Nikasema, "Ile video ya Mama Shiro, mimi ndiye niliyerekodi." Nilipoinua macho, niliona simu tano. Wamama niliokula nao githeri, watu wazuri, walikuwa wameinua simu kurekodi ushuhuda. Wa kwanza alikuwa Mama Tash. Ni ajabu vile uso unakuwa mgeni ukirekodiwa. Sikujua nifanye nini na mikono, wala niliache chozi au nilifute.

"Mama Tash," nikasema, "sijaulizwa."

"Umesema?"

"Kichwa ni cha mwenyewe. Na mimi sijaulizwa."

Nilisikia chapati ya jirani ikigeuzwa. Mama Tash aliangalia simu yake kana kwamba mtu mwingine amemshikisha. Akaiweka kifudifudi mapajani, na wengine wakafuata, mama mmoja akinong'ona, "Mimi nilikuwa nazima tu." Niliyasema yote, na siku hiyo tuliomba macho yakiwa wazi, tukiangaliana.

Mama Tash alikuwa mtu wa vitendo. Jioni hiyo hiyo alituma ujumbe wa sauti kwa grupu zote: "Wapendwa, ile video ya mama wa gesi, futeni mara moja, ni dhambi." Majibu yakaingia: "Gani hiyo? Sisi hatukuiona. Hebu tuma." Aliniletea simu akiwa amejishika kiuno. "Sasa tumefanya nini?" akauliza, na tukaangaliana tukacheka kicheko cha watu walioshindwa, kwa sababu ilikuwa wazi video hatuiwezi. Ilikuwa imeshakuwa ya kila mtu. Nilichoweza kilikuwa kidogo tu. Njia kutoka kwa Mama Shiro mpaka steji, hiyo nilikuwa naijua.

Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwao. Sikumbembeleza Shiro. Niliinama, nikainua sanduku, nikaliweka kichwani, nikatoka. Nilijua kitu kimoja kuhusu wasichana wa miaka kumi na nne: hawaachi mtu aende na vitu vyao. Nilisikia viatu vipya nyuma yangu, halafu kandambili za mama yake. Mama Shiro alibeba godoro, Shiro akabeba ndoo yenye sabuni na karatasi za choo. Niliongea njia nzima kwa sauti yangu yote, ile ile inayojulikana. Niliongea juu ya vumbi, juu ya bei ya sukuma wiki, juu ya mtu aliyenyolewa akasahau akanunua mafuta ya nywele. Watu waliangalia. Niliwasalimia kwa majina. "Mama Chapati, Shiro anaenda Form One!" "Fundi, sema hongera!" Ni vigumu kumcheka mtu baada ya kumwambia hongera, mdomo unachanganyikiwa.

Steji upepo wa Februari ulikuwa umeamka, ule wa kujaza macho mchanga. Wanabodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Mmoja alimwona Mama Shiro, akatoa simu kwenye koti lake la kung'aa. "Ah, Mama Gesi! Leo umebebea nani godoro?" Wenzake wakacheka, na simu ya pili ikatoka. Shiro alisimama. Nilimwona akigeuza kiatu kimoja kuelekea nyumbani. Wakati huo huo upepo ukaingia chini ya godoro, likafunguka kwenye mikono ya mama yake kama tanga, plastiki ikapiga kelele, na Mama Shiro akabaki amelikumbatia uso wote umezama, anasukumwa kurudi nyuma barabarani.

Nilikuwa na sanduku kichwani na sikuweza kufanya chochote. Nikamwita yule wa kwanza, si kwa hasira, kama ninavyomwita mtu wa kunifungia mlango. "Boss, kuja ushike hapa."

"Nishike nini?"

"Godoro. Linaenda na mathe."

Alikuja, bado anarekodi, akalishika pembe kwa mkono wa kushoto. Upepo ukamnyang'anya. Akalishika tena, likamzungusha.

"Hivyo hutaweza," nikamwambia. "Godoro ni la mikono miwili."

Alinitazama, akaangalia simu, akaitumbukiza mfukoni. Alilikumbatia godoro upande wake, Mama Shiro upande wake, wakalikunja pamoja, yeye akilibana kwa magoti na kusema, "Shika hapo, mathe. Hapo hapo, usiachilie." Wa pili alikuja na mpira wa kufungia mizigo. Wa tatu akanishusha sanduku, akauliza hili ni la mawe ama la vitabu. Kwa dakika chache kila mkono wa steji hiyo ulikuwa na kazi, na mizigo ikafungwa juu ya gari la Molo.

Shiro aliingia akakaa dirishani na kichwa chake kipya. Gari likawashwa. Ndipo alipotoa shingo nje, akaita steji nzima ikasikia: "Mum! Maji ya kunywa! Umesahau maji yangu!"

Mama Shiro akaruka mtaro, akakimbia kuelekea dukani ng'ambo ya barabara, leso ikipepea, kandambili moja ikabaki nyuma na asiirudie. Yule wa koti la kung'aa akasimama mbele ya gari, mikono yote miwili juu.

"Dere, ngoja!" akampigia dereva kelele. "Ngoja mathe, analetea mtoto maji!"